Kukanusha Uvumi Kwamba Watu wa Edinburgh Ni Wakarimu

Wilhelmina Auchterlonie (Bi)
Ghorofa ya nne, mlango wa kushoto
Kichochoro cha Fundi Glavu
Mji Mkongwe, Edinburgh

Agosti, siku ya mvua

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Safari

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, na ukiwa umeshapata chai.

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, ingawa gazeti lenu sijawahi kulinunua. Nalisoma maktaba, siku inayofuata, wakishalimaliza wale wanaopenda habari zikiwa bado moto. Nakwambia haya mapema ili ujue unaongea na mtu wa namna gani kwenye suala la kubana matumizi.

Nalalamikia makala yenu ya mwezi uliopita, ile ya "Siku Tatu Edinburgh kwa Mfuko Mwepesi", iliyoandikwa na kijana wenu Ruaridh Pringle. Ina ushauri namba moja hadi namba kumi, na kila mgeni anayeteremka stesheni siku hizi anayo mkononi, ameikunja vizuri na kuitunza kuliko hata pasipoti. Nimevumilia, nimenyamaza, nimejitia hamnazo. Sasa maji yamenifika shingoni. Nina malalamiko matano na nimeyapa namba ili usiyaruke.

LA KWANZA. Makala yenyewe si ya bei nafuu. Kijana wenu ni mtapanyaji.

Anamwambia mgeni anunue mwavuli. Mwavuli, Edinburgh! Autumie wapi, kitandani? Upepo wetu unaupokea mwavuli, unaupindua, unaupeleka mpaka bandarini Leith, na mwenye mwavuli anabaki kashika kijiti. Pita leo barabara yoyote uone mapipa ya taka yalivyojaa miavuli. Mtu mwenye akili anavaa koti na kunyamaza.

Anamwambia amtunze mpiga zumari pale kona ya kanisa kuu. Kwa nini? Asimame ng'ambo ya barabara. Sauti inavuka, kofia yake ya sarafu haivuki.

Anamwambia anunue mkate asubuhi. Hakuna mtu wa mjini humu anayenunua mkate asubuhi. Mkate unanunuliwa jioni, duka likikaribia kufungwa, na unaingia kwa uso wa mtu ambaye hakuwa na nia ya kununua mkate.

Kuhusu makumbusho kusema kuwa ni bure, hapo kasema kweli, nampa haki yake. Lakini hakusema kwamba chumba chenye joto kuliko vyote ni kile cha wanyama waliokaushwa, na kwamba kuna benchi karibu na dubu ambalo mtu anaweza kulikalia hadi jioni bila kuulizwa. Sikusudii kumfundisha. Benchi hilo ni langu Jumanne.

Halafu ule mzinga wa ngomeni wa saa saba mchana. Anawaambia wapande mpaka kwenye lango la ngome ili wausikie. Mzinga ule unasikika mpaka jikoni kwangu, vikombe vinacheza kabatini, na sijaulipia hata siku moja. Kubwa zaidi, hakuandika kwamba Jumapili haupigwi. Jumapili iliyopita natoka kanisani, nakuta kundi zima la watu barabarani, mvua inawanyeshea, wameziba masikio kwa vidole, wanasubiri. Nikawapita. Nilipofika kona nikarudi, maana mtu ana roho, nikawaambia leo hakuna mzinga. Hakuna aliyenisikia. Ilibidi nimshike kila mmoja mkono, niuteremshe sikioni, nimwambie, niende kwa mwingine. Nilikosa chakula changu cha mchana kwa ajili ya uzembe wa kijana wenu.

LA PILI, na hapa ndipo heshima ya mji inapoguswa. Ushauri namba nane. Nanukuu neno kwa neno: "Usikose kupanda ngazi za mawe za nyumba kongwe katika Kichochoro cha Fundi Glavu. Mlango wa chini haufungwi mchana. Gonga mlango wowote. Watu wa Edinburgh ni wakarimu, na huenda ukakaribishwa chai."

Bwana Mhariri, wakarimu? Nani?

Nimezaliwa mjini humu, nimeolewa humu, nimezika humu. Sisi ni watu wa mkono wa birika na tunajulikana hivyo mpaka Glasgow, kule ambako watu wanaongea hata na nguzo za taa. Jina hilo hatukulipata kwa siku moja. Vizazi na vizazi vya watu waliojinyima vililijenga, na kijana wenu kalibomoa kwa sentensi moja, tena bila hata kuuliza. Kama angenigongea mlango akaniuliza, ningemjibu papo hapo kizingitini.

Wewe ni mtu wa hapa, utaratibu wetu unaujua, lakini nauandika kwa faida ya huyo Pringle, ambaye nasikia mama yake ni mtu wa Dundee. Mtu akigonga mlango wangu saa ya chai, nafungua nusu. Namtazama kwa upole. Namwambia, "Bila shaka umeshapata chai." Naye, hata kama hajala tangu jana, anajibu, "Nimeshapata, ahsante sana." Basi. Tunaongea habari ya mvua kidogo, anashuka ngazi zake. Hakuna aliyeaibika na hakuna kikombe kilichochafuka. Marehemu mume wangu Archibald alikuja kwetu kunichumbia majira mawili ya baridi, na kila alipokuja mama yangu alimwambia bila shaka ameshapata, naye akajibu ameshapata. Siku ya harusi, alipoonyeshwa meza, ndipo tulipojua kwamba mwanamume yule muda wote ule alikuwa na njaa. Huo ndio ustaarabu wetu, na umetufaa.

LA TATU. Wageni wenu hawajui kujibu.

Wa kwanza kugonga alikuwa mama mmoja wa Kireno, Bi Lurdes, kutoka Porto, na binti zake wawili. Makala mkononi, viatu vinatoa maji, nywele zimelala usoni. Nikafungua nusu, kama kawaida. Nikatazama kwa upole. Nikasema, "Bila shaka mmeshapata chai."

Yule mama akawatazama wanawe, akanitazama mimi, akasema, "Hapana, mama. Tangu asubuhi hatujatia kitu tumboni."

Nilibaki nimeshika kitasa. Umri wangu wote huu sikuwahi kufikiri kwamba sentensi ile ina jibu la pili. Mama yangu hakunifundisha la kufanya mtu akisema hapana, maana na yeye hakuna aliyepata kumjibu hivyo. Na mimi nikiwa bado natafuta neno, wao wameshavua viatu. Wamevipanga mlangoni, jozi tatu, wameingia. Kumbe kwao, mtu akikuuliza kama umekula, amekukaribisha.

Kabatini nilikuwa na mkebe wa biskuti. Ule mkebe si wa kula. Umewekwa pale kwa ajili ya mchungaji, ambaye kila akija anakuwa ameshapata. Nikaufungua. Bwana Mhariri, sitasema biskuti zile zilikuwa za mwaka gani. Binti mdogo alitia moja mdomoni, ikagoma, akaihamishia upande wa pili, ikagoma, mwishowe akaichovya kwenye chai na kuishikilia humo huku ananitazama kwa huruma. Akasema ni tamu sana. Mtoto wa watu, kafundishwa adabu.

Usiku ule sikupata usingizi kwa aibu. Kesho yake nikanunua unga na siagi, nikapika skonzi. Nataka hili lieleweke vizuri na kama utalichapisha ulichapishe kwa herufi nzito: sikupika kwa ukarimu, nilipika kwa aibu. Na aibu ni jambo ambalo sisi Edinburgh tunaliheshimu.

Saa kumi wakagonga wengine. Mume na mke, walimu wote wawili, kutoka Krakow. "Bila shaka mmeshapata chai." Hapana, hawajapata. Kesho yake kijana wa Kikorea, mrefu, anainama kila mlango. Hapana, hajapata. Nikajaribu kubadilisha maneno. Nikamwambia mmoja bila shaka ameshiba. Hapana. Nikamwambia mwingine bila shaka ana haraka. "Hapana kabisa, mama," akasema, na uso wote umechangamka, "niko likizo." Nikawaambia wengine bila shaka ngazi zimewachosha, wangependa kushuka wakapumzike. Wakasema kweli zimewachosha, na wakakaa.

Kila siku, Bwana Mhariri. Kila siku ya Mungu saa kumi. Jumapili nilidhani nitapona, lakini Jumapili ndiyo wanazidi, kwa sababu mzinga haupo.

LA NNE linahusu mienendo yao wakiwa ndani.

Wanaosha vyombo. Sikuwaomba. Nageuka kidogo, nakuta mtu amekunja mikono ya shati, yuko kwenye sinki langu, anaimba kwa lugha yao. Vikombe wanavirudisha rafu isiyo yake, na asubuhi natafuta kikombe changu mwenyewe ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Wananibebea mizigo. Juzi nimetoka sokoni na viazi, nafika mlango wa chini, kijana nisiyemjua ananyang'anya mfuko mkononi mwangu na kupanda nao mbio. Nilipiga kelele ya mwizi. Kufika juu, nakuta viazi vimekaa mlangoni na yule kijana amekaa kando yake, anangoja saa kumi.

Mwalimu wa Krakow alitengeneza dirisha la chumbani. Dirisha lile limekuwa likigonga tangu Archibald yu hai, na alisema atalitengeneza. Sasa haligongi. Nalala ndani ya ukimya ambao sikuuomba, nikisikia saa ya ukutani peke yake.

Mmoja aliniuliza tunafungua saa ngapi. Nikamwambia hapa hatufungui. Akaandika. Akauliza, na Jumatatu?

Nimekuwa kivutio, Bwana Mhariri. Nimeona kwa macho yangu ramani waliyochora wenyewe na kupeana: asubuhi makumbusho, bure, mchana mzinga, bure, halafu kupanda mlima wa Kiti cha Arthur kuona mji wote na bahari, bure, halafu Bi Mina, bure, na jioni makaburi ya kale, bure. Bi Mina ndiye mimi. Hakuna aliyeniita Mina tangu mume wangu. Wamenipachika kati ya mlima na makaburi, na pembeni wamechora skonzi.

Lakini baya kuliko yote ni maswali. Sisi hatuulizani. Nimekaa nyumba hii miaka, na majirani zangu ni watu wema, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jambo lolote. Yule Bi Lurdes, siku ile ile ya kwanza, jikoni mna viti viwili, yeye kasimama, hakukaa. Akashika mgongo wa kiti cha pili akaniuliza, "Hapa anakaa nani?"

Hivyo tu. Swali lile sijaulizwa tangu mazishi. Siku ya mazishi yenyewe watu waliniambia mvua imekuwa nzuri kuacha kunyesha. Basi nikamwambia anakaa nani. Nikamwambia jinsi alivyokuwa akisoma gazeti kwa sauti, na jinsi nilivyokuwa nikimwambia anyamaze, na jinsi alivyonyamaza. Chai ikapoa. Nikachemsha nyingine, ikapoa nayo. Mabinti wakalala kwenye zulia. Nilitumia leso mbili, zote zikiwa zimepigwa pasi siku hiyo hiyo, na sabuni siku hizi unaijua bei yake. Nalalamika kuhusu leso zile. Nadhani gazeti lenu linawajibika.

LA TANO linahusu majirani, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, maana wamenipa mpaka Ijumaa.

Chini yangu moja kwa moja, ghorofa ya tatu kushoto, anakaa Bwana Lorimer Tweedie, wakili mstaafu na mjane kama mimi. Mtu makini. Kofia yake hajawahi kuiacha nyumbani. Yeye ndiye anayesimamia zamu ya kuosha ngazi. Kama nyumba nyingine zote za mji huu, tuna kile kibao cha "Zamu Yako" ambacho unakikuta kimetundikwa kwenye kitasa chako, na ukikikuta unaosha ngazi, hakuna mjadala. Tangu ushauri namba nane utoke, kibao hakijaondoka kwenye kitasa changu. Viatu ni vya wageni, wageni ni wangu, tope ni langu. Sikupinga. Ila ndoo ya maji imebebwa na yule kijana wa Kikorea na wenzake.

Jumatatu Bwana Tweedie aliitisha mkutano wa ngazi. Mkutano wetu unafanyika kwa kusimama, pale kwenye kituo cha ghorofa ya pili, kila mtu na koti lake, kwa sababu ukifanyika nyumbani kwa mtu suala la chai litajitokeza. Bi Haddow wa chini alisema wageni wanamsalimu kila wanapopita, naye inambidi awajibu, na kufikia jioni taya zinamuuma. Mwingine akasema amesikia kicheko. Wakanitazama.

Bwana Tweedie akatoa karatasi. Ni makubaliano ya kutia kufuli kwenye mlango wa chini, ufungwe mchana na usiku. Kuna lile kufuli la kengele na waya, ambalo mtu anafungua akiwa juu nyumbani kwake, lakini lina gharama, tukakubaliana wote kwa sauti moja, na mimi nikiwemo, kwamba tuchukue la ufunguo tu. Yaani mgeni akija, mwenyeji ashuke akamfungulie mwenyewe. Mimi na magoti haya, kutoka ghorofa ya nne, sishuki mara mbili kwa siku, na kila mtu pale alijua. Kufuli likishatiwa, hakuna atakayepanda kwangu. Hilo ndilo tunalolitaka sote. Na mimi nalitaka. Nimesema nalitaka.

Wote wamesaini. Bado mimi, na bila sahihi ya kila nyumba fundi haruhusiwi kugusa mlango.

"Bi Auchterlonie," Bwana Tweedie akaniambia, ananiangalia begani badala ya machoni, "hapa tuna ngazi, hatuna hoteli. Mimi nimekaa chini yako miaka yote hii na sijakusumbua hata mara moja."

Nikamwambia ni kweli, hajanisumbua hata mara moja, na nashukuru. Sijui kwa nini sauti ilinitoka vile. Labda ni baridi ya pale ngazini.

Nikawaomba wanipe mpaka Ijumaa. Nikawaambia nitamwandikia Mhariri akanushe ule uongo, na wageni wakishasoma ukweli wataacha wenyewe, na hakutakuwa na haja ya kufuli wala gharama ya kufuli. Neno gharama likawaingia. Wakakubali. Mkikanusha, mlango unabaki kama ulivyo na hakuna mtu anayekuja. Msipokanusha, Ijumaa nasaini, na hakuna mtu anayekuja. Nimelipima suala hili pande zote mbili nikiwa nimelala, kwa ukimya wa lile dirisha, na naona yote mawili yananifaa sawasawa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, mchapishe kanusho hili, ukurasa ule ule, herufi zile zile: "Tunaomba radhi. Watu wa Edinburgh si wakarimu na hawajawahi kuwa. Ukigonga mlango utaulizwa kama umeshapata chai. Jibu sahihi ni nimeshapata. Shuka taratibu, mawe yanateleza."

Pili, jibu hilo lifundishwe stesheni. Kiwekwe kibanda pale kwenye majukwaa ya treni, mgeni asitoke mpaka alitamke sawasawa mbele ya mtu wa hapa. Wakorea wapewe muda zaidi. Wana nia njema na wataling'ang'ania.

Tatu, ikiwa kibanda kitashindikana, basi Baraza la Mji lipige marufuku njaa saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu, mwezi wote wa Agosti, kwa watu wote wasiozaliwa hapa. Najua ni hatua kali. Mniamini nimewaza nyingine nikaona hazitoshi. Nilifikiria kuacha kupika, lakini nikiacha watakula zile biskuti, na mtu akivunjika jino ngazini kwetu Bwana Tweedie atalazimika kurudi kazini.

Nne, kijana Pringle aje akae jikoni kwangu wiki moja ajionee madhara. Aje saa tisa, asaidie kukanda. Asije na mwavuli.

Tano, mnilipe mkebe mmoja wa biskuti, ili niwe na kitu cha kutompa mchungaji.

Na kama mtahitaji kitu cha kujaza pengo la ushauri namba nane, waelekezeni wageni kwenye benchi karibu na dubu. Wanaweza kulichukua. Jumanne siku hizi siendi, napaka siagi.

Wasalimie wote hapo ofisini: wapiga chapa, wasahihishaji, mama wa usafi, na yule anayeandika utabiri wa hali ya hewa, ambaye namwonea huruma kwa kazi aliyopewa. Msalimie na mkeo kama unaye. Msalimie kijana Pringle pia, umwambie kwamba nimeudhika sana lakini anaandika kwa lugha ya mtu aliyelelewa vizuri.

Wako katika kubana matumizi na kuvumilia,

Wilhelmina Auchterlonie (Bi)

N.B. Barua hii ilikaa mezani siku mbili ikisubiri stempu ya daraja la pili, na leo Ijumaa, kabla sijaifunga, kumetokea jambo ambalo inanibidi nilieleze.

Saa kumi ilifika na hakugonga mtu. Mvua ilikuwa kubwa mno, hata wageni walikuwa wamejificha. Nimeshapanga vikombe, skonzi ziko kwenye kitambaa, nimekaa. Saa kumi na robo nikasikia hodi, ndogo, ya mtu asiye na hakika. Nikafungua nusu. Ni Bwana Tweedie. Tai shingoni, viatu vimepakwa rangi, kofia kaishika mkononi. Karatasi ya kufuli iko kwapani. Kwa mazoea tu, na huku natafuta kalamu ya kusaini, nikamwambia, "Bila shaka umeshapata chai, Bwana Tweedie."

Akaizungusha kofia yake mkononi. Unafahamu jibu lake. Kila mtu mjini humu analifahamu.

"Hapana," akasema.

Nikadhani sikusikia. Akarudia, sasa ananitazama machoni, uso umemwiva wote. "Kusema kweli, Bi Auchterlonie, hapana. Sijapata. Dirisha langu liko chini ya lako. Kila siku harufu inashuka, na mimi nimekaa pale na kipande changu cha mkate. Tangu Jessie wangu afariki, nimekuwa nikiwaambia watu wote nimeshapata."

Bwana Mhariri, nilifungua mlango nusu ya pili.

Amekula skonzi nne na jemu. Ameniuliza juu ya Archibald, nami nimemuuliza juu ya Jessie, na ameeleza vibaya sana, anaruka huku na huku, hajazoea, lakini tuna muda. Ile karatasi ya kufuli ameiweka chini ya birika ili birika lisichome meza, na hajaitaja tena. Kibao cha zamu nacho amekiondoa kwenye kitasa changu. Anasema wiki hii ataosha yeye.

Kwa hiyo usichapishe kanusho. Usichapishe chochote katika niliyoyaandika hapo juu, isipokuwa lile la mzinga wa Jumapili, maana watu wataugua. Ushauri namba nane ubaki kama ulivyo, ila uongeze kwamba kengele ya ghorofa ya nne kushoto imekufa. Wagonge kwa nguvu. Tulio ndani tunaongea.